Kwani neema nayo inalipiwa? Tuongee kuhusu imani na matendo

Wandugu, juzi nilikuwa matangani huku Mikindani, tumemzika mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi pale steji, na watoto wa majirani wangapi wameenda shule wamekula kwake bila kutoa hata shilingi. Pasta aliyeitwa kuhubiri akasema ati matendo hayampeleki mtu mbinguni, na kwa vile marehemu hakuwahi kusimama mbele ya kanisa akaokoka, yeye hawezi kusema yuko wapi. Mzee mmoja Mkatoliki akamjibu palepale, "Matendo yake yatamtetea." Basi watu wakagawanyika, tukabishana mpaka saa sita usiku.

Mie msimamo wangu ni kwamba mtu anaokolewa kwa neema. Efeso 2:8-9 iko wazi, ni kipawa cha Mungu, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Kwa hiyo mzee sikubaliani naye vile alivyoiweka. Lakini pasta ndiye aliyeniumiza zaidi, manake kama lazima utembee mpaka mbele, unyooshe mkono, urudie sala maneno kwa maneno ndio uhesabiwe, hilo si tendo pia? Halafu alipomaliza kutuambia wokovu ni bure akatoa namba ya simu tutume pesa, ati tupande mbegu ili familia ifunguliwe! Yaani wafiwa wanadaiwa hela ya jeneza na wewe unawauzia baraka. Martin Luther, yule mtawa Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa yaliyozaa Uprotestanti, mwaka 1517 kule Wittenberg aliandika hoja zake 95 kwa sababu ya rehema, yaani vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, zilizokuwa zikitolewa kwa pesa, leo sie tunaojiita watoto wa hayo matengenezo tunafanya yaleyale kwa simu.

Sasa barua ya Yakobo. Wengi wetu tunairuka. Maneno "imani peke yake" kwenye Biblia yako mahali pamoja tu, Yakobo 2:24, na pale yanakataliwa: mtu ahesabiwa haki (yaani Mungu anamkubali kuwa mwenye haki) kwa matendo yake, "si kwa imani peke yake". Kwenye Warumi 3:28, pale Paulo anaposema mtu ahesabiwa haki kwa imani, hiyo "peke yake" Luther aliiongeza alipotafsiri kwa Kijerumani, 1522. Mie sioni Paulo na Yakobo wakigombana lakini. Wote wanamtaja Abrahamu, ila Paulo anamchukua Mwanzo 15, amemwamini Mungu na hata hajatahiriwa, Yakobo anamchukua Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, anamtoa Isaka. Paulo anawajibu waliotaka watu wa mataifa, wasio Wayahudi, watahiriwe kwanza, Yakobo anamjibu yule anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba na mkononi hampi kitu. Hebu nambieni, yule mama wa mahamri alikuwa upande gani?

Na tuache kuwasingizia Wakatoliki. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliowajibu Waprotestanti, mwaka 1547, kanuni yake ya kwanza kabisa kuhusu jambo hili inasema hakuna anayehesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu. Tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kule Augsburg, wakakubaliana kwamba ni kwa neema tu, na matendo mema yanafuata kama matunda. Tofauti zimebaki, ndio, lakini si hizi tunazotukanania hapa Mombasa.

Najua mtu atasema nafungulia watu mlango watende dhambi. La, soma Efeso 2:10 uone tuliumbwa ili tutende matendo mema. Mwingine ataniletea mwizi wa msalabani, na huyo ni shahidi wangu, manake hakubatizwa, hakupanda mbegu, hakuitwa mbele, alimwomba tu Yesu amkumbuke.

Kwa hivyo mnaomtetea pasta, nipeni aya inayomruhusu mtu kusimama juu ya kaburi akawaambia watoto wa marehemu hajui mama yao yuko wapi, alafu atoe namba ya simu.