Kwa nini rafadha ya Shinden iliwekwa nyuma?

Mwanafunzi wa Lang'ata:
Hamjambo wanajukwaa. Ninasomea ufundi wa ndege, na ndege ndogo ninazoziona zikiruka kutoka Uwanja wa Wilson kwenda Maasai Mara huwa na rafadha puani. Ndege ya kivita ya Kijapani Kyushu J7W1 Shinden ni kinyume chake: mabawa madogo yako mbele, makubwa yako nyuma, na rafadha ya mapanga sita iko mwisho kabisa. Wahandisi walikusudia nini, na je, walifanikiwa?

Fundi Mstaafu, Embakasi:
Mwanangu, Shinden ilikusudiwa kuzitungua B-29, ndege kubwa za Marekani za kudondosha mabomu, ambazo hazikuangushwa kwa risasi ndogondogo. Rafadha ikiondoka puani, nafasi yote ya mbele hubaki kwa silaha, na ndiyo maana Tsuruno, ofisa wa Jeshi la Wanamaji aliyeibuni, aliweza kuweka hapo mizinga minne ya milimita 30 iliyokaa pamoja na kulenga upande mmoja. Wazo lenyewe lilikuwa limejaribiwa kwanza kwa ndege za mbao zisizo na injini, zilizoitwa MXY6. Kwangu mimi huo ni uhandisi wa kupigiwa mfano.

Binti wa Buruburu:
Shikamoo Mzee. Ninakubaliana nawe kuhusu mizinga, ila mpangilio huo ulikuwa na gharama zake. Ndege inapoinua pua ili iruke, sehemu ya nyuma hushuka, na nyuma ndiko rafadha iliko. Katika jaribio la Julai 1945 ncha za mapanga ziligonga ardhi, ikabidi magurudumu madogo yafungwe chini ya mapezi mawili ya wima. Injini nayo ilipata joto kupita kiasi ndege ikiwa chini, kwa kuwa hakukuwa na rafadha mbele ya kuipulizia hewa. Isitoshe, rubani ambaye angelazimika kuruka kwa mwavuli angekuwa na mapanga yanayozunguka nyuma yake.

Fundi Mstaafu, Embakasi:
Marahaba, binti yangu. Hayo ni kweli, na hata ilipopaa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1945, nguvu ya injini iliivuta upande wa kulia na mhimili mrefu wa rafadha ukatetemeka. Lakini safari zake zote kwa jumla zilichukua takriban dakika 45, kisha vita vikaisha, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kurekebisha kasoro hizo. Mwanafunzi, ukikuta imeandikwa kwamba ilikwenda kilomita 750 kwa saa, elewa kwamba hiyo ni hesabu ya wabunifu. Mwendo huo haukuwahi kufikiwa angani.