QEMU kwenye Raspberry Pi inakataa sandbox, msaada wakuu

chumbageni_pi: Habari wakuu, niko Tanga, nimeweka QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) niliyokompaili mwenyewe kwenye Raspberry Pi 4, kakompyuta kadogo ka prosesa ya arm64, ili vijana wangu wajifunzie mashine pepe, sasa kwenye laptop ya Intel nikiandika -sandbox on (ya kuibana QEMU isiombe mambo hatari kwa kerneli, kiini cha Linux) inakubali ila kwenye Pi inagoma katakata. Ni prosesa?

fundi_ngamiani: Prosesa haina kosa mkuu. Sandbox inategemea libseccomp, maktaba ya kuchuja maombi ya programu kwa kerneli, hapo QEMU uliijenga bila hiyo. Weka libseccomp-dev, rudia configure (hatua ya kuandaa ujenzi) na --enable-seccomp, kisha ijenge upya. Toleo la libseccomp liwe 2.3.0 kwenda juu.

pangani_kwetu: Naongezea, namba za maombi yanayokwenda kwa kerneli zinatofautiana, mfano openat (ombi la kufungua faili) kwenye x86_64 kama laptop yako ni 257 ila arm64 ni 56, na ombi la zamani la open kwenye arm64 halipo kabisa, ndo maana kila aina ya prosesa lazima iongezwe kwenye libseccomp na kujaribiwa peke yake. Usiache bila sandbox jamani, mtu akiitoboa QEMU toka ndani ya mashine pepe ndo keshaingia kwenye Pi yako!

chumbageni_pi: Imekubali!! Nimeangalia status ya ile prosesi kwenye /proc inasoma Seccomp: 2, yaani chujio linafanya kazi. Ahsanteni sana ndugu zangu.