Nimekutwa na homa ya ini B, nyumbani wamenitengea sahani

Mkulima_Kongwa:
Wakuu, habari za jioni. Nilichangia damu, baadaye wakanipigia simu nirudi. Majibu: homa ya ini B. Siumwi popote, macho si ya njano, jembe nalishika kama kawaida. Lakini mama amenitengea sahani na kikombe, watoto wamekatazwa kunisogelea. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Jirani anasema zipo dawa za mizizi za kusafisha ini. Nianzie wapi?

DadaMaabara:
Pole sana kaka. Nafanya kazi maabara, majibu kama yako napata kuyaandika mara kwa mara. Kwanza hiyo sahani: kuleni pamoja. Kirusi hiki hakiambukizwi kwa chakula, kupeana mikono wala kukumbatiana. Njia zake ni damu, kujamiiana, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Cha kutenga ni wembe, mashine ya kunyolea na mswaki, maana kwenye damu iliyokauka kirusi hudumu hata siku 7.

Wa kuwahi ni mkeo. Apimwe kliniki wiki hii hii. Akiwa hana, achanjwe. Mimba si kizuizi. Dozi ni 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Akiwa nacho, mtoto achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Nakuomba hili ulishike. Chanjo hii kwa ratiba ya kawaida ya watoto huanza wiki ya 6, na kwa mtoto huyo ni kuchelewa. Ulizeni sasa ni hospitali ipi yenye dozi ya mtoto mchanga, msisubiri uchungu uanze ndipo mzunguke. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake mara nyingi hukishinda kirusi. Kwa mtoto mchanga ni kinyume: kama 90 kati ya 100 hubaki nacho, na ukubwani ndipo ini husinyaa au saratani hujitokeza. Kunyonyesha anaruhusiwa.

Wewe pima utendaji wa ini na wingi wa virusi, kisha urudie kipimo baada ya miezi 6. Si kila mmoja huanzishiwa dawa. Mizizi na pombe achana navyo kabisa, vyote vinakwenda kulibebesha ini lile lile.

MzeeWaGhala:
Kwa kuwa uko Kongwa, niongeze sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 ilishaua watu huku Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Mwenye kirusi hicho akiila, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Mazao anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo. Mahindi na karanga zenye ukungu tupa, kupika hakuiondoi sumu. Usiwape hata kuku.

Mkulima_Kongwa:
Asanteni sana. Mama nimemsomea yote, leo tumekula sinia moja. Dada, na hawa watoto wakubwa, wa miaka tisa na sita?

DadaMaabara:
Nimefurahi kusikia hivyo! Angalia kadi zao za kliniki. Chanjo ya homa ya ini B imo kwenye chanjo za watoto tangu 2002, siku hizi inaandikwa Penta, na wanatakiwa kuwa na dozi zote 3. Hata wakiwa nazo, wapeleke wapimwe siku moja na mama yao.