Jiko la trela: gumzo la Uzao wa Bi Mwanamkuu

ALHAMISI

19:02 Rukia: Assalaam alaykum wapendwa. Safari ya hifadhi ya Shenandoah, Virginia, imebaki wiki tatu. Kambi ya Big Meadows nimeshalipia, nafasi mbili. Sasa tuzungumze jiko. Mwaka huu sikubali mtu kuwapikia watu 14 ndani ya trela ya kulala ya Omari madirisha yakitoka jasho. Tunajenga jiko la nje, sisi wenyewe. Nani anakuja Jumapili kwa Omari?

19:03 Rukia: Jibuni jamani, msisome tu

19:41 Rukia: Naona tiki za buluu kumi na moja

19:44 Kassim: Waalaykum salaam mama mdogo, mimi nipo. Nimeona video, jamaa kafunga jiko zima kwenye bampa la nyuma ya trela. Bolti nne, kazi imeisha

20:15 Omari: Kassim, hapana. Lile bampa ni bati jembamba, ndani yake nimelaza mpira wa maji machafu. Halikutengenezwa kubeba jiko. Halafu ukitia uzito nyuma unainua mbele. Trela inatakiwa ilalie ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Yangu ikijaa ni pauni 5,000, kwa hiyo mbele pasipungue pauni 500. Pakipungua, ukiwa barabara kuu trela inaanza kupiga mkia huku na huku, na ikianza, kuituliza ni kazi

20:16 Kassim: Basi sufuria la pilau la mama mdogo likae mbele, lenyewe tu ni pauni 500 😂

20:16 Mwanaidi: 😂😂😂

20:18 Rukia: Sufuria langu liacheni. Omari, jiko likae wapi basi?

20:31 Omari: Kwenye ile stoo ya mbele, chini ya kitanda, inayopenya upande huu hadi ule. Tunatengeneza sanduku la plaiwudi ya milimita 18, linakaa juu ya reli za droo nzito, zile za kubeba kilo 227 zenye komeo. Ukivuta linatoka na jiko la pleti mbili, ubao wa kukatia na beseni. Ukisukuma linarudi ndani, unafunga mlango wa stoo. Komeo ni lazima, la sivyo kona ya kwanza tu droo inatoka na mlango

20:33 Rukia: Hapo sasa tunaongea. Fundi ni Kaka Hamisi. Kaka Hamisi umesoma?

21:10 Rukia: Kaka?

IJUMAA

07:26 Zainabu: Wifi samahani, nilikuwa zamu ya usiku. Gesi itatoka wapi?

07:50 Omari: Ubavuni kuna mdomo wa kuchomeka, unatoka kwenye mitungi ya mbele. Ila gesi ya pale imeshapunguzwa nguvu na regulata ya trela. Jiko lenye regulata yake ukilichomeka hapo, gesi inabanwa mara mbili, moto unakuwa wa mshumaa. Hata chai haichemki. Tununue jiko ambalo kijitabu chake kinasema linakubali gesi ya trela

07:52 Kassim: Si tuweke mtungi mdogo humo humo ndani ya droo? Tusihangaike na mipira

07:58 Zainabu: Kassim mwanangu, hilo usilirudie. Propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatuama chini mle stoo, na juu yake ndipo wanapolala wanangu. Mtungi unakaa nje. Na kila mpira ukishafungwa unapakwa povu la sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu yanavimba, hapawashwi kitu

08:20 Mwanaidi: Na mvua ikinyesha? Tuzungushie turubai?

08:24 Zainabu: Juu sawa, likae mbali na moto. Pembeni msizibe. Ile hewa ya sumu ya moto haina harufu wala rangi. Watu wanaletwa hospitali wakidhani ni uchovu wa safari

08:25 Kassim: Chapati nazo zinapikwa kwenye pleti mbili? Watu 14?

08:26 Mwanaidi: Zisiwe kama za safari ya Rehoboth tu 😂

08:26 Kassim: Zile tulishikia turubai lisipeperuke 😂😂

08:29 Mwanaidi: Na moja bado iko kwenye gari la Omari

08:40 Rukia: Nyie! Zainabu anaongea jambo la uhai, mnaleta chapati. Mchango ni dola 45 kila kaya: plaiwudi, reli, vanishi, mpira wa gesi. Mnitumie mimi. Kaka Hamisi nimepiga mara mbili

22:51 Hamisi: Nimesoma. Rukia, mbao za jukwaa la harusi ya Biubwa nililipa mimi. Dola 380. Mlisema mtachanga. Na drili yangu ilikwenda na nani Baltimore?

23:05 Rukia: Kaka, hilo tulishalizungumza

23:06 Hamisi: Mlilizungumza nyie

23:09 Kassim: Mjomba, drili si ilirudi?

23:10 Hamisi: Lilirudi sanduku lake

23:14 Mwanaidi: 🙈

23:30 Rukia: Tusichanganye mambo. Jukwaa ni jukwaa, jiko ni jiko. Wiki tatu si nyingi

JUMAMOSI

04:21 Tatu (Tanga): Salaam aleykum. Bibi kaniambia nimsomee yote, nimemsomea. Anasema niandike kama alivyotamka: "Hamisi ni mwanangu kama nyie. Alitoa mbao zake, mkapanda juu yake mkapigwa picha. Mtu mzima hadai mbele ya watoto mpaka awe ameumia. Mlipeni kwanza, ndipo mmwite fundi. Na huo moto uwe mbali na mlango wanaopita wajukuu zangu. Sina la kuongeza."

06:40 Omari: Shikamoo Mama. Tumesikia

06:55 Zainabu: Shikamoo Mama. Sehemu yetu ya mbao nimemtumia Kaka Hamisi sasa hivi

07:12 Mwanaidi: Shikamoo Bibi. Nami nimetuma 65

07:13 Kassim: Shikamoo Bibi. Nikipata mshahara Ijumaa

09:48 Rukia: Shikamoo Mama. Nimesikia

13:20 Mwanaidi: Njia ni ileile?

13:44 Omari: Si ileile. Ukiwa na mitungi ya gesi hupiti mahandaki ya Baltimore, yote mawili ya kule bandarini hayakubali trela yenye mitungi kama yangu. Zamani tulipanda daraja la Key, lakini liligongwa na meli 26 Machi 2024 likaanguka. Kwa hiyo tunazunguka na barabara ya 695 upande wa magharibi. Ongezeni muda

13:46 Kassim: Na dubu je mjomba? Huko si kuna dubu?

13:52 Zainabu: Wapo, dubu weusi. Ndiyo maana nasema droo iwe ya kufutika kirahisi. Plaiwudi ipakwe vanishi vizuri mafuta yasinywewe na mbao. Mkimaliza kula, kila chenye harufu kinaingia ndani ya trela au gari kinafungwa: sufuria, viungo, taka, hata sabuni. Na maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi majanini, yanakingwa kwenye ndoo chini ya beseni yapelekwe panapohusika

13:55 Omari: Na umeme Big Meadows hakuna wa kuchomeka. Taa ya jiko itakuwa ya betri

14:30 Rukia: Ahsanteni. Kaka Hamisi, nimekutumia 65 zangu na 65 za Kassim, atanirudishia. Uniwie radhi kwa maneno ya jana

17:05 Hamisi: Zimefika. Kesho baada ya adhuhuri napita kwa Omari kupima. Kupima tu

17:06 Rukia: Alhamdulillah 🙏🙏 Na kujenga?

17:31 Hamisi: Msinunue reli kabla sijapima. Droo itoke upande usio na mlango, kama Mama alivyosema

17:40 Omari: Kaka, tatizo mdomo wa gesi uko upande wa mlango. Kivuli cha trela, lile turubai la kukunjua, nacho kiko huko. Tukiitoa upande wa pili, mpira utapita chini ya trela yote, na hatuna kivuli

17:43 Zainabu: Mpira kupita chini mimi siutaki

17:44 Omari: Kutoka stoo mpaka mlangoni ni kama mita tatu

17:58 Hamisi: Mita tatu na watoto wanaokimbia si kitu. Nitaona kesho. Labda tuweke kizuizi

18:00 Kassim: Mama mdogo, mimi reli nishaagiza

18:02 Hamisi: Za urefu gani?

18:02 Rukia: Kassim!!

18:20 Mwanaidi: Drili kesho itakuwa ya nani?

18:26 Rukia: Ya Omari. Omari unayo? Na hili la mlango nani atamweleza Mama?

18:27 Kassim: Wewe ndiye msemaji mama mdogo

18:35 Rukia: Trela ni ya Omari. Omari mpigie wewe, kule sasa ni usiku wa manane, mpigie alfajiri yao

21:15 Rukia: Omari?