Mbegu za maua meupe marefu kutoka Kanada, miezi mitatu sasa hata moja haijaota

Mwana_Wete

Assalam alaykum wadau. Mie niko Pemba, Wete, kilimo changu cha uani tu, pilipili, mchicha, mirehani ya mke wangu na mwasumini mmoja mkongwe. Sasa nna dada yangu yuko Toronto, mwaka jana kanionesha kwa video bustani ya jirani yake, pana mmea umesimama mrefu kunishinda mie, juu una mikia myeupe kama mikia ya paka, na uko kivulini chini ya mti yani utadhani mtu kawasha mishumaa mchana. Nikamwambia basi nitafutie mbegu. Kaja mgeni kaniletea bahasha imeandikwa Cimicifuga, mbegu kama hamsini hivi, ndogo, rangi ya kahawia.

Nimezisia mwezi wa 5 mvua za masika bado zinapiga, kwenye makopo mawili ya rangi nimeyatoboa chini, udongo mwekundu nimechanganya na mchanga na samadi iliyooza, nikayaweka chini ya mshelisheli jua lisiyapige. Namwagia kila asubuhi. Leo mwezi wa 8, wallahi hata jani moja. Mchicha uliomwagika pembeni kwa bahati mbaya nishaula mara mbili. Mke wangu anasema nalea makopo. Nimwage nipande bamia au nisubiri? Na kwani hichi kitu huku kwetu kinaota au najisumbua tu?

Baharia_Mstaafu

Yakhe ushapigwa 😂 hizo zishakufa zamani. Panda bamia ule na ugali.

BiShamba_Mwera

Wa alaykum salam. Usimwage! Baharia wewe kavue.

Mwanangu, mie nimekaa Uingereza miaka tisa na nilikuwa na kibustani nyuma ya nyumba, mbegu za mmea huohuo nilizimwaga mara mbili nikidhani nimeuziwa takataka, mwaka wa tatu ndo jirani bibi mmoja akanifahamisha. Mbegu zako hazijafa, zimelala, na usingizi wake ni wa mafungu mawili. Asili yake ni misitu ya mashariki ya Marekani na kusini mwa Kanada kule kwa dada yako. Mbegu inaanguka chini kiangazi chao kikishapita, joto bado lipo, basi inatoa mzizi tu. Jani halitoki. Linabaki ndani mpaka baridi iingie, theluji iifunike, ikae hapo miezi kama mitatu, ndo ardhi ikipata joto tena jani linachomoza. Ina akili yake, kijani kikitoka kabla ya theluji kinakufa kesho yake. Sasa huku kwetu itasubiri baridi mpaka lini? Mwezi wa 7 usiku tunajifunika shuka tunasema leo kipupwe kimezidi, na kipimo hapo kiko kwenye 20 na kitu. Kwa mbegu ile hiyo si baridi hata kidogo.

Fanya hivi. Chukua kijiko, fukua kidogokidogo utoe mbegu tano sita uziangalie. Kisha uje utwambie umeona nini. Na acha kumwagia kila siku, utaziozesha.

Halafu jina hilo Cimicifuga ni la zamani, maana yake kwa Kilatini ni kufukuza kunguni. Linnaeus, yule mtaalamu wa kupa mimea majina, 1753 aliuita Actaea, wengine wakaja wakauhamisha, 1998 wakaurudisha kulekule, kwa hiyo ukitafuta tafuta Actaea racemosa.

Mchumaji

Hapo kwenye kunguni hapo, nitumieni na mie kumi 😂

Lakini jamani tusemezane. Mbegu ndani ya sanduku la mgeni si jambo la kuchekea, inatakiwa kibali kabla na cheti cha afya ya mimea kutoka kule inakotoka. Sisi ni kisiwa, tunaishi kwa karafuu na nazi, mtu mmoja analeta kijibahasha cha maua ndani mna kuvu au mdudu, wanaolia ni wakulima wote. Simlaumu mwenye mada, wengi hatujui, lakini mara ya pili ulizia kwanza watu wa karantini.

Mwana_Wete

Mchumaji una haki, hilo sikulijua kabisa na mgeni naye hakujua, ntaulizia.

Bi Shamba, nimefukua. Kopo la kwanza zimeoza zote, ukizibinya zinatoa uji unanuka, nadhani lile halipitishi maji vizuri maana chini tope tupu. La pili nimetoa saba. Tatu ngumu vilevile kama siku nliyozitia. Mbili zimeoza. Mbili sasa, skwambii, zimepasuka ubavuni na zimetoa kitu cheupe chembamba kama uzi wa cherehani, kimoja kirefu kama ukucha wa kidole kidogo, kimepinda kinaelekea chini. Jani hamna. Nimemwita mke wangu kaja na kitambaa chake cha jikoni kakodoa macho kasema hii funza. Nikamwambia funza wa kupanda mwenyewe. Sasa nifanyeje, nishazirudisha kwa mikono inatetemeka.

BiShamba_Mwera

Mashaallah! Huo ndo mzizi, fungu la kwanza limeisha. Na umebahatika, ungezisia mwezi wa 1 na joto la kaskazi sidhani kama ungeona kitu, zinataka joto la wastani, si la kuchemka.

Sasa zipeleke Kanada kwa njia ya friji. Tafuta mchanga safi, si wa pwani wenye chumvi, uuoshe, uutie maji kisha uukamue mkononi mpaka usidondoke hata tone. Tia kwenye kidude cha plastiki chenye mfuniko, toboa matundu madogo, laza mbegu zako zote zile nzima, zenye mzizi na zisizo na mzizi, funika na mchanga kidogo. Weka chini ya friji panapokaa mboga, nyuzi kama 4 hivi. Usitie kwenye friza, barafu ya ghafla itaupasua mzizi. Miezi mitatu, kila wiki mbili ufunue uangalie, ukiona ukungu toa iliyooza. Umeme ukikatika masaa mawili matatu si kitu, mlango usifunguliwe tu. Sisi wa Unguja tunaokumbuka mwezi wa 12 2009 mpaka mwezi wa 3 2010 tulivyokaa gizani, friji ilikuwa kabati la kutilia nguo, hapo ndo ungezikosa.

Ila nikwambie ukweli usije ukanilaumu. Jani utaliona inshaallah, maua sikuahidi. Kule kwao kwenyewe kutoka mbegu mpaka ua ni miaka kadhaa, na kila mwaka ule mzizi unataka ulale tena kwenye baridi, na huwezi kukitia kigogo cha mita mbili kwenye friji kila mwaka. Kama una jamaa Lushoto mpelekee miche, kule juu angalau wanavaa sweta. Na mkeo asitarajie kuyatia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, maana hayana petali ni nyuzinyuzi tu, na harufu yake wengine hawaipendi kabisa, si asumini ile.

Kichanga_Mkoani

Kaka kama unachotaka ni kitu kirefu, cheupe na kinanukia, tafuta ile jamii ya tangawizi inayotoa maua meupe kama vipepeo, Hedychium coronarium, inafika mita moja na nusu mpaka mbili na joto letu ndo kwao. Mbegu usihangaike nazo, omba kipande cha tunguu kwa mtu, kifukie juujuu penye unyevu, pale maji ya kuogea yanapopita panafaa. Lakini uudhibiti, usiuache ukaingia kwenye vijito maana unatambaa, sehemu nyingi za dunia umekuwa gugu.

Mwana_Wete

Ahsanteni sana. Tunguu ntalitafuta, na za dada pia ntazijaribu, hata jani moja nimpigie video.

Nimepata nzima kumi na nne, nimezitia kwenye kopo la siagi, nimeandika juu kwa kalamu nyekundu SI CHAKULA na tarehe ya kutoa, mwezi wa 11. Mke wangu kakubali kwa sharti liwe nyuma ya ndimu na mie ndo niwe naipangusa friji. Bahati mbaya mtoto mdogo keshalifungua mara moja kutafuta siagi, kaniuliza baba mchanga huu wa nani.

Baharia_Mstaafu

Mwezi wa 11 tuletee picha yakhe. Bamia mie nshapanda.