Bondia wa filamu na bondia wa kweli: juu ya ngazi za makumbusho Philadelphia akae nani?

Wakuu, tulijadili hili, ushabiki wa filamu tuuweke kando kidogo.

Nje ya Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia, Marekani, watu hupanga foleni kupiga picha na sanamu ya shaba ya Rocky Balboa, bondia ambaye hajawahi kuzaliwa. Sylvester Stallone, mwigizaji wa Rocky, alimwagiza mchongaji A. Thomas Schomberg aitengeneze mwaka 1980, kwa ajili ya filamu ya Rocky III, ikawekwa juu ya ngazi. Kamera zilipoondoka ugomvi ukaanza: ni sanaa ile, au ni pambo la sinema? Ikahamishiwa ukumbi wa michezo wa Spectrum. Mwaka 2006 ikarudishwa, safari hii chini, pembeni mwa ngazi.

Hoja ya "si sanaa" hainisumbui. Makumbusho yamejaa miungu ya Kigiriki na hakuna anayedai vyeti vyao vya kuzaliwa. Kinachonikera ni jinsi alivyosahauliwa bondia wa kweli, Joe Frazier. Huyu aliishi na kufanya mazoezi jijini humo. Dhahabu ya Olimpiki, Tokyo 1964. Machi 1971 alimwangusha Muhammad Ali raundi ya 15, akashinda kwa pointi. Alifanya kazi machinjioni, na alisimulia mwenyewe kwamba alizipiga ngumi nyama zilizotundikwa na kupanda ngazi hizo hizo mbio. Sasa itazame tena filamu ya kwanza, Rocky ya 1976: Rocky anafanya hayo hayo! (Na Frazier yumo, anapita ulingoni kusalimia tu.)

Alifariki 2011. Sanamu yake ilizinduliwa 2015, kusini mwa jiji kwenye viwanja vya michezo. Miaka 35 nyuma ya Rocky. Kwangu mimi, kule juu ni kwa Frazier. Rocky abaki chini.

——

Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Watu hawaendi pale kwa sababu ya ndondi. Mtu kapigwa na maisha, anapanda ngazi 72, ananyoosha mikono juu, anajisikia mtu tena. Kumbuka Rocky kwenye filamu ya kwanza alishindwa pambano. Frazier akiwekwa juu, wageni wangapi watamjua?

——

Wasipomjua ndiyo sababu ya kumweka, ndugu yangu. Wapande wakimfuata Rocky, wakifika juu wamkute aliyekimbia kabla yake. Wewe unapoteza nini hapo?