Kamwaga formalini, kajaza MAJI YA BOMBA. Huyu mtu ataniua

Mkono_Baridi: Wakuu, natetemeka, sijui ni hasira au ni ile harufu. Yule mwenye funguo za maabara ya anatomia, mnamjua, sina haja ya kumtaja, kamwaga formalini, ile dawa ya kukaza kiungo kisioze, iliyokuwa kwenye ndoo ya ubongo wangu akajaza maji ya bomba. Eti kuna wageni wanapita, itawawasha macho.

Namuuliza mbele ya wanafunzi, ananijibu huku anajifuta mikono: "Formalini na maji si kitu kimoja tu, tofauti harufu."

Tofauti harufu! Mtu mzima, na koti jeupe kavaa!

Ubongo wenyewe haujamaliza hata wiki. Formalini inapenya taratibu mno: juu pameshakaza, katikati bado pabichi. Ndiyo maana unaachwa wiki kadhaa, tena dawa iwe mara kumi ya ujazo wa kiungo au zaidi. Leo nafunua kifuniko, nzi wa dunia nzima wameshaitana kwa majina. Na ule uzi niliopitisha chini ya ateri ya basila (mshipa wa damu wa upande wa chini wa ubongo), ubongo uning'inie usiguse kitako cha ndoo? KAUKATA. Sasa umelala bapa kama umekaliwa.

Mtu katoa mwili wake watu wasome, wewe unamtilia maji ya bomba. "Tofauti harufu." Nikifa liandikeni kaburini kwangu.

Fuvu_Tupu: Mkuu umesema "ubongo wangu". Sasa huu uzi umeuandika kwa kutumia nini? 😂

Dada_Koleo: 😂😂 Huyo ni pacha wa wetu. Wetu kaandika lebo zote kwa kalamu ya wino, akazitumbukiza kwenye alkoholi. Wino wote umetoka, rafu nzima haina majina, tunafundisha kwa kubahatisha. Penseli ipo hapo mezani inamtazama.

Mkono_Baridi: Dada, lebo inaandikwa upya. Ubongo je? TOFAUTI HARUFU jamani!

Gwiji_Silikoni: Mnahangaika na ndoo wakati Gunther von Hagens alianzisha plastinesheni, yaani kuhifadhi kiungo kwa plastiki, tangu 1977 pale Heidelberg, Ujerumani. Asetoni inatoa maji na mafuta, silikoni inaingia kwa kuvuta hewa, kiungo kikavu, hakinuki. Amkeni.

Fuvu_Tupu: Na hiyo asetoni inayoshika moto fasta akabidhiwe nani? Yuleyule wa maji ya bomba? Tutazikwa jeneza moja.

Mzee_Pafu: Ila mleta uzi usijifanye, ile harufu si mchezo. Tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishaiweka formaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye formalini, kwenye kundi la vinavyosababisha saratani. Wageni wana haki.

Mkono_Baridi: Mzee, kiungo kikishakaza ndipo kinasuuzwa na kuhamishiwa dawa isiyowasha. KIKISHAKAZA! Kwa sasa angefungua dirisha tu.

Dada_Koleo: Kumbe mna dirisha? 😭

Mifupa_Mitupu: Angalau nyie mna nyama. Huku mtu kachemsha mfupa wa paja na dawa ya kung'arishia nguo, eti utakate. Umetakata kweli, ukiushika unabaki na unga mkononi.

Fuvu_Tupu: Mkuu wa mifupa, hivi kiunzi chenu bado kina vidole? Chetu wanafunzi wameondoka hata na gumba.

Mifupa_Mitupu: Chetu kina gumba mbili mkono mmoja. Njoo uangalie, huenda moja ni yenu.